Jambia la Kutazamwa

3 Februari

Babu yangu, shikamoo.

Natumaini goti limetulia na shangazi hajakunyang'anya tena miwani. Mimi mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha moja tu, linatazama ukuta, lakini ni ukuta msafi. Mtoto wa kaka ameota meno na ameshamng'ata daktari. Naandika kwa sababu simu unaikata kabla sijamaliza salamu, unasema ina masikio.

Babu, nina shida ya kazi. Unajua pale karakana tunatengeneza michezo ya mezani. Huu wa sasa hauna ubao. Watu wanne watano wanakaa, mmoja anasimulia, wengine kila mtu anajifanya mhusika wake: huyu askari, huyu mwizi, huyu mchawi. Wakikutana na adui wanarusha dadu kuona nani kashinda. Mimi nimepewa sura ya wachawi. Mchawi akiwa mbali ni moto mtupu: anatamka neno, anapunga mkono, adui anaungua. Adui akimsogelea akamshika kola, kwisha habari yake. Mwenzangu aliyeandika sura ya askari, tunamwita Mikuki, anasema ndivyo inavyotakiwa. "Mchawi akishikwa shati afe tu, kwani ana kazi gani nyingine?" Mimi nataka awe na jambia, na awe na njia za kupigana nalo bila kuacha uchawi wake. Mkuu wa karakana amesema ikifika mwisho wa Juni sijaweza, sura yote anapewa Mikuki na mimi narudi kukata kadi kwa mkasi.

Wewe ulifanya mazingaombwe ya kisu ukumbini miaka na miaka. Mkono mmoja ukiwa na kisu, ule mwingine, mkono unaolala, unafanyaje kazi bila watu kuuona? Nifundishe.

Mjukuu wako


19 Februari

Mke wangu mdogo, marahaba.

Goti halijatulia, limehamia kiunoni. Miwani ninayo, ila ya kioo kimoja. Cha pili shangazi yako alikikuta mfukoni mwangu kimelala na karanga, akavitupa vyote pamoja. Barua yako aliisoma yeye kwa sauti, dirisha wazi, na alipofika kwenye "wachawi" jirani yetu fundi saa akaacha kugonga. Sasa ananiamkia kwa mikono miwili. Asante kwa hilo.

Nimefurahi una kazi. Sikuelewa ni kazi gani, mtu mzima kulipwa kwa kujifanya, lakini nami nilikula kwa hiyo hiyo, kwa hiyo nanyamaza.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Mimi shule niliishia darasa la nne, na mwalimu wangu ndiye aliyeomba tupumzishane. Lakini barua naijua kuisoma mbele na nyuma. Kwanza, bahasha umeifunga kwa gundi. Wewe tangu utoto ni mtu wa mate. Pili, umeandika "mkono unaolala". Hilo umelitoa wapi? Mimi sijalitamka mbele yako. Bibi yako, Mungu amrehemu, hakulijua, na yeye alijua mpaka nisiyoyafanya. Neno hilo lilizaliwa nyuma ya pazia, na waliokuwa nyuma ya pazia ni watu wawili. Mmoja ni mimi.

Ulipohamia mji huo nilikuomba jambo moja: mtaa wa nyuma ya soko usiutie mguu. Sisemi umeutia. Nauliza tu, nani anakaa kwenye hiyo meza yenu? Nitajie mmoja mmoja, na kazi zao. Mtu akija kuulizia kisu, mwenye kisu huuliza kwanza katumwa na nani.

Babu yako,
kioo kimoja lakini kinaona


11 Machi

Babu shikamoo, na mume wangu nawe hujambo, maana sijui leo kaamka nani.

Mwambie shangazi kitambaa nimekipata, cha bluu, nimempa mtu wa basi akilete. Gundi ni ya ofisini, usiiogope.

Mezani tupo hivi. Nesi mmoja, anapenda kuwa mwizi. Fundi cherehani, yeye ni askari na hatuachi tusahau. Kijana anayejifunza udereva. Mikuki, anayekuja kutazama nikishindwa. Na mzee mmoja wa jirani aliyeingia siku moja kwa ajili ya mvua akabaki kwa ajili ya chai. "Mkono unaolala" ni neno tu, Babu, lilikuja lenyewe.

Nikueleze nilipokwama. Nilianza kumpa mchawi kisu cha kawaida. Hakuna aliyekichomoa, maana moto unaumiza zaidi. Kisu kikawa pambo la mkanda. Nikakipa nguvu: neno la uchawi likae kwenye makali, lilipuke kisu kikigusa mwili. Hapo kila mchawi akawa mbio mbio kuchoma watu, mpaka fundi cherehani akaweka kalamu chini akauliza, "Sasa mimi askari nimekuja kubeba mizigo?" Nikapunguza nguvu, kikarudi kuwa pambo. Na Mikuki? Anachonga penseli tu, taratibu, ananitazama.

Mchawi hatakiwi kumshinda askari kwa ubavu, hilo nimelijua. Anatakiwa kumshinda kwa hila, na hila ziko kwako. Juni haiko mbali.

Mjukuu, au mke, chagua


2 Aprili

Mke wangu mdogo,

Kitambaa kimefika. Shangazi yako aliahidi gauni, kashona pazia, sasa tunakaa gizani kwa heshima. Fundi saa ameniletea saa yake ya ukutani niiombee. Nimeiombea. Imesimama kabisa.

Nimefikiri sana. Mtu akimnyima mjukuu wake kitu, atakwenda nacho kaburini, na huko hakuna ukumbi. Basi sikiliza, nakupa kwa moyo mweupe.

Kisu, mke wangu, si cha kuchoma. Kisu ni cha kutazamwa. Ukishika kisu hakuna mtu duniani atakayeangalia mkono wako mwingine, hata mama yako mzazi. Kwa hiyo mchawi wako akishikwa kola asikimbie. Achomoe jambia. Hapo adui ana kazi ya kujua hatari inatoka wapi, kwenye kisu au kwenye mkono mtupu. Mara nyingine kisu ndicho cha kweli na mkono ni kelele. Mara nyingine kisu ndicho kelele, na mkono umeshamaliza neno lake. Chukueni sarafu, mchawi aifunike kwa kikombe: upande mmoja kisu, upande mwingine mkono. Anayecheza adui abashiri. Akipatia, mchawi kwisha. Akikosea, kaungua. Na askari anabaki na ubavu wake, hanung'uniki.

Halafu hii ndiyo roho yenyewe, usiikosee: kabla adui hajabashiri, mchezaji amkazie macho. Machoni kabisa, asipepese, asikitazame kisu hata kidogo. Ukimtazama mtu machoni unamfunga kamba.

Huyo mzee wa mvua, chai anainywea kwenye kikombe au anaimimina kwenye sahani? Nauliza tu.

Babu yako mpole


6 Mei

Babu mpole, shikamoo.

Imekubali! Sarafu na kikombe vimeiwasha meza. Nesi anapiga kelele mpaka majirani wanagonga ukuta. Fundi cherehani, yule wa askari, safari hii ameomba kuwa mchawi. Mikuki amevunja penseli, naye anasema ilikuwa mbovu.

Ila hiyo roho, samahani, haikukubali. Mchezaji akimkazia adui macho, adui anabaki huru kuona kila kitu, na anabashiri sawasawa karibu kila mara. Wachawi walikufa kama kuku wa kideri. Basi tukageuza. Sasa mchezaji anashika rula kama jambia, na anaitazama hiyo rula, kidogo tu, midomo imekaza, kama anaogopa isimkate yeye mwenyewe. Macho ya meza nzima yanaifuata. Hapo mkono mwingine unakuwa huru kama mtoto siku ya kufunga shule. Ni ugunduzi wetu wa mezani. Nimeuandika ukurasa mzima, nimeuita Jambia la Kutazamwa, na nadhani sura itapita.

Mambo ya chai sijayachunguza.

Mjukuu wako mwenye furaha


15 Mei

Wewe mtoto,

Leo mimi si mume wa mtu. Salamu zako utapewa na shangazi yako, yeye bado hana habari.

Nimekukamata. Sisi watu wa mazingaombwe hatumfundishi mtu mara ya kwanza bila kumtilia kokoto kwenye mchele. Hatua moja tunaifundisha vibaya, kwa makusudi. Akienda kuuza, anauza na kokoto, na jino la mtu likivunjika huko tunajua kapika nani. Kokoto yako ilikuwa macho. Hakuna mfanya mazingaombwe anayekutazama machoni. Anatazama pale anapotaka utazame wewe. Nilijua kwenye meza isiyo na mtu wetu, kokoto itabaki. Mtahangaika nayo, utaniandikia unalia, nami nitaitoa. Ila ikirudi imeshatolewa, basi anayeijua yuko mezani.

Na imerudi imetolewa! Tena na midomo iliyokaza! Tena na kuogopa kukatwa! Uso ule, mtoto, ulikuwa wa mtu mmoja. Aliitwa Kipepeo kwa ajili ya mikono yake, na mama yake ni mama yangu.

Habari unayo nusu, chukua nusu nyingine. Kisu tulikifanya pamoja, mimi msemaji, mdogo wangu mshikaji. Siku moja nikaenda kutazama sarakasi ya wageni, nikawakuta wanafanya kisu chetu, hatua kwa hatua, na midomo iliyokaza vilevile. Nikarudi nyumbani nikamwuliza, umewauzia? Akanitazama. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mtu ambaye hajauza husema hapana, ni neno fupi, halichoshi. Tangu siku hiyo mezani kwangu hakuna sahani yake.

Sasa ameuza mara ya pili, na mnunuzi ni wewe. Ng'oa ukurasa huo. Ukiuchapa, mji huo sina mjukuu.

Babu wa watu wengine


22 Julai

Babu, shikamoo.

Nimechelewa. Barua yako niliiweka chini ya godoro, na tangu hapo godoro halilaliki. Shangazi ananiandikia kwamba kila basi la barua likipita unatoka nje kupima mvua, na mvua hakuna.

Kwanza, ukurasa niliung'oa. Juni ilipoisha nilimpelekea mkuu sura ya wachawi wasio na jambia. Mikuki akasema, "Si niliwaambia?" Kilichoniokoa ni nesi na fundi cherehani, walikwenda wenyewe ofisini kulalamika kwamba mchezo umepoa. Mkuu amenisogezea mpaka mwisho wa Agosti, na hatasogeza tena. Ukurasa uko kwenye droo yangu. Bila neno lako hautoki, hata sura ikienda kwa Mikuki.

Pili, anaimimina kwenye sahani.

Ndiyo, ni babu mdogo. Mtaa wa nyuma ya soko sikuutia mguu wakati huo, yeye ndiye aliyetukimbilia na mvua yake, akanitazama, akasema, "Pua hiyo naijua." "Mkono unaolala" nililisikia kwake. Hapo nilikuficha, na ningekuficha tena, maana ungefunga mlango kabla sijaeleza.

Lakini ulichokamata ni hewa. Niliposoma mezani ile kokoto yako, "amkazie macho", alicheka mpaka akatoa meno ya bandia akayafuta. Nikamwuliza, "Babu mdogo, kuna kosa?"

"Kosa lipo. Tena nimeujua mwandiko wake."

"Basi nirekebishie. Kazi yangu inaondoka."

"Siwezi, binti. Kisu kile kina wenyewe wawili. Mmoja akikataa, wote tumekataa."

Nilimbembeleza, Babu. Nililia, machozi ya kweli na ya kuongezea. Akakunja mikono kwapani akasema, "Niombe figo."

Hila ile niliiona mwenyewe. Siku hiyo fundi cherehani alimpa rula ampitishie nesi. Rula ya plastiki, ya watoto. Ilipoingia tu mkononi mwake, macho yake yakashuka, midomo ikakaza. Meza nzima tukaitazama rula. Tulipozinduka, penseli iliyokuwa sikioni kwangu iko sikioni kwa Mikuki. Hakukusudia. Mkono ulikumbuka wenyewe. Alipojua nimeona, alichukua koti akaondoka, na hakurudi mpaka nilipomfuata mlangoni kwake. Hapo, ndiyo, mguu nimeutia.

Sasa niambie. Mtu aliyeninyima mimi, damu yake, machozi yakinitoka, angewapaje watu wa sarakasi? Na kama mimi nimeiona kwa kukaa karibu nikafumbua macho, wao walikuwa vipofu?

Nilimwuliza kwa nini siku ile hakukujibu hapana. Akamimina chai yake, akaipuliza. "Ningesemaje hapana kwa mtu aliyeuliza akiwa ameshajijibu?"

Mjukuu wako, ukitaka


9 Agosti

Mke wangu mdogo (nimerudi, usishangilie),

Goti limerudi kwenye goti. Fundi saa anasema saa yake imeanza kwenda, lakini inarudi nyuma, na ananidai maelezo. Barua yako shangazi yako nilimnyima. Niliisoma mwenyewe kwa kioo kimoja, tangu chai ya asubuhi mpaka nguo zinaanuliwa, na mahali pengine nilirudia kwa sababu ya mwandiko wako mbaya. Sababu nyingine hakuna.

Nina maswali. Nani anathibitisha ile rula ilikuwa ajali? Mimi mtu mwenye mikono ile simwamini hata akiwa amelala. Na kucheka mpaka kutoa meno, hayo meno ni ya lini? Aliyatoa ya nani?

Ila nimekumbuka kitu. Kila ukumbi ulikuwa na mtu mmoja, kwa kawaida nyuma kabisa, anayeangalia pasipofaa. Watu wote wanatazama kisu, yeye anatazama mshikaji. Tulikuwa tunamchukia. Huenda wale wa sarakasi walimleta mtu wa namna hiyo. Huenda. Nimesema huenda, usije ukanibandikia maneno mengine.

Ukurasa utoe kwenye droo, uchape. Lakini chini uandike kisu hiki kina wenyewe wawili, na usiandike wa kwanza nani, tusije tukaanza upya.

Kuhusu yeye, sina la kumwambia. Humu ndani ya bahasha kuna karatasi nimeikunja nikaifunga uzi. Hiyo ni zamu yangu kwenye mchezo wenu. Nimechagua, kisu au mkono. Mpe abashiri mbele ya meza yote. Akipatia, mimi napanda basi nije huko na goti langu. Akikosea, aje yeye. Usifungue kabla. Nitajua.

Shangazi yako ananiuliza mbona nimeosha sahani ambayo haijatumika. Nimemwambia ni vumbi. Akikuuliza na wewe, ni vumbi.

Mumeo


24 Agosti

Babu, shikamoo.

Sura imepita. Mkuu alikaa mezani mwenyewe, akaungua, akaomba arudie, akaungua tena. Mikuki amekuja kwa upole kuniomba nimfundishe hila ya rula kwa ajili ya askari wake. Nimemfundisha. Nimemtilia na kokoto.

Karatasi nilimpa babu mdogo mbele ya watu wote. Aliigeuza, akaipapasa kwa kidole gumba, akainusa. Nesi akamwambia, "Mzee, si samaki."

"Kisu," akasema.

Nikakata uzi nikafungua. Babu, hamna kitu. Niliitazama mbele, niliitazama nyuma, nikainyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Fundi cherehani naye akaitazama. Karatasi tupu.

Babu mdogo akanyoosha mkono akaichukua. Akaisoma taratibu, kama mtu aliyeletewa barua ndefu, midomo imekaza.

"Ameandika mkono," akasema. "Nimekosea."

Hakuna aliyembishia, hata Mikuki. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo, halafu akamgeukia yule kijana wa udereva akamwuliza basi la kwenu linaondokea wapi.

Barua hii nimeifunga kwa mate, na anakuletea yeye mwenyewe. Kwa hiyo ukifika mstari huu, yuko mbele yako anakusubiri umalize. Mkaribishe akae, maswali baadaye. Kisha jipapase usoni, Babu. Miwani bado ipo?